Phoebe Hana Ufunguo

Siku ile mjinga alikuwa Norris Tattersall. Tuliseme mapema tulitue, tuendelee na mengine. Yeye mwenyewe ukimuuliza leo anakubali, ila anataka ikumbukwe kwamba alijiandaa. Wajinga wengi huingia kwenye ujinga wao mikono mitupu. Yeye aliingia na kofia iliyotayarishwa siku mbili kabla.

Hagshaw ina kitabu chake kama miji mingine inavyokuwa na timu yake ya mpira. Kinaitwa Komeo la Bi Thorpe, na kiliandikwa mwaka 1868 na mke wa mchungaji wa pale, Bi Lavinia Crossley, mwanamke ambaye picha yake inaning'inia kwenye ukumbi wa kanisa la Wamethodisti akiwa na uso wa mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. Bi Thorpe ni mjane. Blackmoor, tajiri mwenye kiwanda, amemwambia Phoebe, binti wa mjane huyo, kwamba mama yake hataki kumwona tena. Amemwambia na mama kwamba binti amemsahau. Barua za wote wawili anazitia motoni. Mama haamini. Kwa miaka saba halali na mlango umekomewa. Siku anapokufa theluji inapiga, majirani wanataka kufunga, naye anawaambia, "Msikomee. Phoebe hana ufunguo." Anakata roho, na Phoebe anaingia akiwa amechelewa kwa pumzi moja.

Basi, hicho ndicho kitabu. Zamani kilikuwa na nguvu. Kilipokuwa kikitoka gazetini kila wiki, nyanya wa babake Norris alikuwa mfumaji kiwandani, na inasemekana wiki ya Bi Thorpe kufa mashine zilisimama. Msimamizi alikuja kugomba, akasomewa ukurasa ule, akaenda kunawa uso. Ilipotengenezwa sinema, zile za kwanza zisizosema, mpiga kinanda wa Hagshaw alilia hadi akapiga wimbo wa harusi mazikoni na hakuna aliyegundua. Halafu vikaja vita, vikaja tena, na redio ilipokileta kitabu hicho sebuleni, babake Norris alikuwa akisikia tu sauti ya Bi Thorpe, anaizima redio. "Mama mmoja na mlango mmoja," alisema. "Mtaa wetu mzima haukubaki na milango." Televisheni nayo ilijaribu, juzijuzi tu. Humo Bi Thorpe alikuwa na hasira na Phoebe amekuwa wakili. Hagshaw yote ilitazama mikono imekunjwa kifuani. "Hata hakufa," alisema Winnie Ashworth, kama mtu aliyeuziwa samaki asiye na kichwa.

Huyo Winnie ndiye mwenye hadithi hii. Alikuwa shemeji yake Norris, dada mkubwa wa marehemu mke wake Jean, mwanamke wa miaka sabini na miwili, na kwa miaka ishirini alikuwa akifa kila Novemba kwenye jukwaa la ukumbi ule kama Bi Thorpe. Lakini kabla hajawa mama alikuwa binti. Mwaka 1976 Winnie alikuwa Phoebe.

Mwaka huo Norris alikuwa na miaka kumi na tisa, fundi rangi mwenye brashi mbili na kiburi cha kumi. Alipewa mlango wa jukwaani aupake. Mchana alikwenda mpirani, akarudi amechelewa, akaupiga rangi ya mafuta ya kijani mikono mitatu, nzito kama uji, akaufunga ili upendeze kwa mbele. Hadi pazia linafunguliwa jioni, mlango na fremu vilikuwa vimeoana.

Phoebe akaja kutoka kwenye theluji ya karatasi. Akasukuma. Akasukuma tena. Akatumia bega. Maiti ya Bi Thorpe ikafungua jicho moja. Ndipo sauti ikatoka mahali fulani ikisema, "Pita dirishani," na Winnie, masikini, akapita dirishani, na gauni likabaki nusu kwenye msumari. Ukumbi ulicheka hadi mzee mmoja akatolewa nje apate hewa. Mstari wa mbele kulikuwa na mama yake Winnie, aliyeiona ile sinema bubu akiwa na miaka sita na ambaye mwaka mzima alikuwa amengoja kumwona mwanawe akiingia kwa mlango ule. Naye alicheka, ameshika ubavu.

Mwaka uliofuata watu walikuja na jibu mdomoni. Mwaka wa tatu walikuja na sponji zilizoloweshwa, eti ndiyo machozi. Mpaka ikawa ndiyo desturi: Bi Thorpe akisema Phoebe hana ufunguo, ukumbi mzima unajibu kwa pamoja, "Apite dirishani," kisha kila mtu anamkamulia jirani yake sponji mapajani. Na anayetoa ishara ni Blackmoor. Anavua kofia yake ndefu nyeusi, anatoa sponji, anaikamua juu ya marehemu. Kwa miaka ishirini na miwili Blackmoor alikuwa Norris.

Nani alipaka mlango ule, na nani alipiga kelele kutoka nyuma ya pazia, Norris aliamini hakuna anayejua. Lawama ilikwenda kwenye mbao na unyevu. Norris hakumwambia hata Jean. Kila Novemba alipokamua sponji alijiambia kwamba kosa likishachekwa mara arobaini halina tena mwenyewe, limekuwa mali ya mji, kama saa ya kanisani isiyokwenda.

Sasa tuje kwenye mazoezi ya mwaka huu. Winnie alikuwa amekaa kitandani mwake mwa kufia, anafuma sweta kwa uzi wa kijani, goti lake la kushoto limewekwa juu ya kiti kama mgeni wa heshima.

"Hili goti limeniandikia barua ya kuacha kazi," alisema. "Mwaka huu ni wa mwisho. Na nataka nife kimya."

"Nani amekukataza?" Norris akamuuliza. "Sisi ndio tunaokuwa na kelele. Wewe ni maiti."

"Nasema nataka nisikilizwe, Norris. Mara moja. Nimekuwa Phoebe wakacheka, nimekuwa mama yake wakacheka. Sijawahi kuisikia ile sentensi ikimalizika."

Aliyeongoza igizo mwaka huu alikuwa Shazia Mahmood, mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa ng'ambo ya mfereji, ambaye lafudhi yake ilikuwa ya Hagshaw kuliko ya Norris. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Mimi naona inawezekana."

"Mama mwalimu," Norris akasema, "we bado mgeni kwenye huu ugonjwa. Watu wamebadilika. Wameona vita kwenye simu zao wakinywa chai. Utawaliza na komeo?"

"Hawajabadilika," Winnie akasema bila kuacha kufuma. "Wamefundishwa. Umewafundisha wewe, na hiyo kofia yako."

"Basi nisipotoa ishara watakaa kama mizigo stesheni."

"Waache wakae."

Shazia akakata shauri. Hakuna sponji jukwaani. Na onyesho litakuwa Jumamosi saa nane mchana, siyo jioni, ili shangazi zake nao waje, kwa sababu jioni wana wajukuu.

"Saa nane mchana," Norris akasema. "Hakuna binadamu aliyewahi kulia saa nane mchana. Tumbo limejaa."

"Norris, niahidi," Winnie akasema.

"Naahidi," akasema, na mkono mmoja ulikuwa mfukoni, umepishanisha vidole kama mtoto anayedanganya.

Tusimwonee. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na hofu, na hofu ya mtu mcheshi haionekani kwa urahisi, huwa imevaa kofia. Alilala akiwaza: ukumbi ukinyamaza, ukasikiliza, ikaonekana kwamba jambo lile tangu mwanzo lilikuwa la kusikilizwa, basi miaka arobaini na minane ya kicheko itageuka siku moja na kuwa mlango tu, na kijana aliyeupaka rangi. Na Winnie atakuwa ameibiwa kitu, na mwizi atajulikana. Kwa hiyo Alhamisi, baada ya mazoezi ya mwisho, alilowesha sponji, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaisokomeza ndani ya kofia, akairudisha kofia kwenye kabati la mavazi. Akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Jumamosi mvua ilinyesha kama ilivyo ada, na ukumbi ukajaa. Upande wa kushoto walikaa wenyeji wa igizo, kila mtu na sponji yake ndani ya kopo la siagi. Upande wa kulia na katikati walikaa wageni: shangazi kumi na moja wa Shazia na majirani zao, wauguzi wawili wa nyumba ya wazee, na familia za nyumba mpya za kule juu ambazo hazijawahi kumsikia Bi Thorpe akiwa mzima, seuze akifa.

Nyuma ya pazia Norris alimkuta Winnie amekaa, mikono mitupu mapajani.

"Leo hufumi?"

"Uzi umeniishia," akasema Winnie. "Vaa kofia yako, unachelewa."

Akaichukua, akaivaa. Alihisi lile bonge laini utosini, akaridhika.

Kupitia tundu la pazia aliona jambo lililompa mashaka ya kwanza. Herbert Clegg, muuza vyuma wa zamani, mtu ambaye hajakosa onyesho tangu 1977, alikuwa amekaa kando ya shangazi mkubwa kuliko wote, Bi Zubeida, mwanamke wa miaka themanini na tatu. Walikuwa wamemaliza kula pai ya nyama na njegere iliyogawiwa mlangoni. Kwa wageni ilikuwa ya viazi na njegere. Herbert, kwa ukarimu, alimpa Bi Zubeida sponji ya akiba. Bi Zubeida akaitazama, akafurahi, akajifutia vidole vyote kumi, akampa jirani yake. Sponji ikazunguka mstari mzima. Makopo mengine ya siagi yakafuata njia hiyohiyo, maana wenyeji hawakutaka kuonekana wachoyo. Yalirudi yamejaa mchuzi.

"Mna ustaarabu sana hapa," Bi Zubeida akamwambia Herbert. "Hata hotelini hawatupi."

Onyesho likaanza. Blackmoor alipotokea mara ya kwanza wenyeji walimzomea kama kawaida, na wageni nao wakamzomea, tena kwa dhati zaidi. Mmoja alimwita jina kwa Kipunjabi ambalo Shazia alikataa kulitafsiri. Norris alipendezwa. Lakini barua ya kwanza ilipotiwa motoni kicheko kidogo kilitoka kushoto, na Bi Zubeida akamgeukia Herbert.

"Mwanangu," akamwambia, naye Herbert ana miaka sabini na moja, "kama una neno, ngoja nje tutazungumza. Mama wa watu anaumwa."

Herbert akasema samahani. Watu wanasema hilo halijawahi kutokea tena wala kabla.

Ikafika. Bi Thorpe kitandani, majirani wawili miguuni, Blackmoor dirishani amekuja kuona kama kweli anakufa. Karatasi za theluji zinashuka. Norris akapeleka mkono kwenye ukingo wa kofia, kama alivyofanya mara ishirini na mbili, akaanza kuhesabu moyoni. Kwa desturi sentensi ile husemwa kwa sauti ya kuimba, ili ukumbi upate nafasi ya kuingia. Moja, mbili, tatu, sponji.

Winnie hakuimba. Alisema kama mtu anayewakumbusha watu wa nyumbani habari ya maziwa.

"Msikomee," alisema. "Phoebe hana ufunguo."

Upande wa kushoto sauti moja ilianza, "Api," ikafia hapohapo.

Na Norris, aliyekuwa amefika mbili, alisahau tatu. Ni ajabu kuwa karibu na maneno miaka yote hiyo na kuwa unayahesabu tu. Jean naye alikuwa hakomei. Norris alipokuwa na kazi za rangi miji ya mbali, akirudi na gari la mwisho, alikuwa akikuta mlango unasukumika kwa kidole, na Jean amesinzia kwenye kiti, taa inawaka. Alikuwa akimgombeza. Utaibiwa, mama, funga mlango. Naye Jean alikuwa akisema, na hakuwahi hata siku moja kuinua sauti, "Ulisahau ufunguo Jumanne." Tangu Jean afe, miaka mitatu, Norris alikuwa akifungua mlango wake mwenyewe kwa funguo mbili, juu na chini.

Mkono ulibaki kwenye ukingo wa kofia. Kofia haikuvuliwa. Mashavu yake yalikuwa yamelowa hadi kwenye masharubu ya bandia, na sharubu la kulia lilianza kushuka.

"Tazama," Bi Zubeida akamwambia Herbert, kwa sauti ambayo yeye alidhani ni ya kunong'ona. "Hata yule shetani analia."

Bi Thorpe akakata roho. Mstari wa pili mtu akasema inna lillahi, polepole, kama inavyosemwa nyumba yoyote yenye msiba. Kisha mlango ukafunguka, kwa kidole kimoja, bila hata kulia bawaba, na Phoebe, msichana wa duka la mikate, akaingia. Hakuna aliyemwelekeza dirishani.

Pazia likafungwa. Halafu ikasikika Herbert Clegg akipenga kamasi kwa nguvu, na kwa kuwa hakuwa na leso alitumia alichokuwa nacho, akatoka pale na njegere puani. Kicheko kilicholipuka hapo hakikuwa na mpaka wa kushoto na kulia, na hakuna aliyekionea aibu. Watu walicheka na macho yamelowa, wakapiga makofi hadi vumbi likamshukia Bi Lavinia Crossley ukutani. Winnie alipotoka, Bi Zubeida alimshika mikono miwili akakataa kuiachia. Alitaka kujua kama ana binti, anaishi wapi, na mara ya mwisho alipiga simu lini. Habari ya goti alipoisikia alisema hilo si goti la kumzuia mtu, ana dawa ya kuchua, kesho ataituma, na mwakani yeye anataka viti ishirini.

"Mwakani," Winnie akasema, akalitazama goti lake kama mtu anayesoma upya barua ile.

Jumapili baada ya kanisa Norris alikwenda kwa Winnie kunywa chai. Nyumba nzima ilinuka karafuu na kafuri. Dawa ilikuwa imeshafika. Alikoroga kikombe chake muda mrefu, na hatii sukari.

"Winnie. Ule mlango wa sabini na sita. Ni mimi niliyeupaka rangi. Nikaufunga ukiwa mbichi."

"Najua."

"Unajua?"

"Wiki iliyofuata ulikuja kumposa Jean una rangi ya kijani sikioni. Sote tuliona. Mama alisema huyu angalau hatakosa kazi."

Norris akanywa chai iliyokuwa bado inaunguza, kwa kujiadhibu. "Na aliyesema pita dirishani..."

"Ni wewe. Sauti yako niliijua. Ndiyo maana nilipita. Nilidhani una mpango."

"Sikuwa na mpango."

"Nililitambua hilo nikiwa kwenye msumari." Winnie akamsogezea biskuti. "Miaka arobaini na minane nimengoja uniambie, Norris. Si kwamba nilikuwa na kinyongo. Nilitaka tu kujua kama utafika kabla sijafa kweli."

"Samahani, Winnie."

"Imepokelewa. Kula biskuti."

Mtu mwingine angeishia hapo, akashukuru. Lakini Norris alikuwa amejifunza maishani kwamba ukipigwa ngumi na ukabaki umesimama, lazima useme kitu. Moyo ulipokuwa mwepesi tu, ulimi nao ukarudi kazini.

"Ila tusidanganyane," akasema. "Jana hawakulia kwa sababu ya kitabu. Wale wageni hawajui desturi yetu. Hawakuambiwa kwamba inachekesha. Mtu anayejua hawezi kulia kwenye kile kipande. Haiwezekani."

"Wewe je? Nani anajua kuliko wewe?"

"Mimi?" Norris akacheka kidogo, akaangalia dirishani. "Mimi sikulia. Nikwambie ukweli wote leo, maana ndiyo siku yake: nilivunja ahadi. Nilikuwa na sponji kofiani, nimeiweka tangu Alhamisi. Mfuko ukapasuka, maji yakanishukia usoni. Ndiyo hayo mliyoyaona. Sponji ilivuja, basi."

Winnie akanyoosha goti lake, taratibu, na safari hii halikulalamika.

"Kofiani ulivaa uzi wangu wa kijani," alisema. "Sponji yako iko pale kwenye sinki, Norris. Naioshea vyombo tangu Ijumaa."